Kanzu ya Naaba

Naaba, chifu wetu, alipozikwa, wazee walimvika Tipoko, binti yake wa kwanza, kanzu, kofia na viatu vya marehemu. Ndivyo tufanyavyo sisi Wamosi: mpaka chifu mpya apatikane, binti huyo ndiye marehemu baba yake.

"Naaba, umeamkaje?" watu wazima walimsalimia, vipaji vya nyuso zao vikigusa vumbi.

Kanzu ilinuka jasho la marehemu. Kufikia siku ya tatu, Tipoko hakuweza tena kulitofautisha na lake.

Asubuhi hiyo mama yake aliingia akitambaa kwa magoti. Marehemu hakuwa amemsemesha mkewe huyu kwa miaka kumi na mmoja, wala hakuna aliyejua sababu.

"Inuka, mama. Ni mimi," Tipoko alinong'ona.

"Sikuja kwa mwanangu," mama alisema, macho chini. "Naaba, nilikukosea nini?"

Wazee waliokuwa wakizungumza kando ya ukuta wakageuka. Tipoko alifungua kinywa, na kwanza kikamtoka kikohozi cha baba yake, kile kikavu cha mara mbili.

"Hukunikosea kitu."

Mama aliinua uso polepole.

"Basi mbona umengoja mpaka ukafa ndipo unaniambia?"