Sukari ya Kibuzi

Kibuzi alikuwa analamba sikio la Refa wakati Refa anajichoma kidole.

Alikuwa amejifungia bandani, mgongo ameuegemeza mlangoni. Alikamua kidole mpaka kichupa kikapata damu ya kutosha, akakifunga, akanyonya kidole na kumwambia kibuzi anyamaze, kama vile kibuzi angekwenda kumsemea kwa watu.

Haikupangwa hivyo. Mkwewe, mke wa mwanawe wa kwanza, alifanya kazi kwenye maabara ya mifugo, na huko walikuwa wanafuatilia damu ya vitoto vya mbuzi tangu kuzaliwa: jinsi sukari inavyopanda kitoto kikishanyonya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na jinsi inavyoshuka na kutulia tumbo likianza kuzoea majani. Mbuzi wa Refa alipozaa, mkwe alileta vichupa na sindano ndogo, akamwonyesha pa kuchoma sikioni, akaomba damu kidogo kila asubuhi. Angepita kuichukua akienda kazini.

Refa alikubali bila kusita. Enzi zake viwanjani alitoa kadi nyekundu bila kupepesa jicho, na jina hilo likamganda mpaka nyumbani. Lakini asubuhi ya kwanza, alipolishika lile sikio, laini kama kitambaa cha kufutia miwani, kibuzi alimtazama. Mkono ukagoma. Na mtu akishampa mkwe neno lake, hawezi tena kumkabidhi kichupa kitupu. Damu ni damu, alijiambia, zote nyekundu.

Majibu yalipotoka, mkwe alikuja akaketi, chai hakuigusa. Alimtazama kibuzi, kisha akamtazama Refa kwa kitambo. Akasema hali si nzuri. Sukari ya kibuzi hupanda, sawa, lakini ya huyu ilipanda ikasahau njia ya kushukia. Mafuta nayo yalikuwa mengi, utadhani anakula mayai ya kukaanga.

Refa akaguna. Kaka yake aliondoka kwa ugonjwa huo huo, na tangu msiba ule Refa hakukanyaga zahanati, ingawa mkewe alimbembeleza mpaka midomo ikamkauka. Hakuogopa sindano. Aliogopa majibu.

"Baba," mkwe akauliza, "huwa anaamka usiku kukojoa?"

"Sana. Hasa akinywa chai."

"Chai?"

"Maziwa. Nimesema maziwa."

Mkwe aliinamia mkoba wake akatafuta kitu humo, na alikitafuta kwa muda mrefu mno. Alipoinua uso, Refa alimuuliza, kwa faida ya kibuzi tu, kama hali hiyo ina dawa. Mkwe akajibu kwamba ikipuuzwa, kibuzi atapoteza macho, halafu miguu. Ikiwahiwa, ataishi mpaka awabebe wajukuu. Apunguziwe vitamu na mafuta, na atembee kila siku.

Tangu hapo Refa akawa mtu mwingine. Alikataa sukari kwenye chai, akidai siku hizi ina ladha ya sabuni. Mayai alimwachia mkewe. Asubuhi alitoka na kibuzi barabarani, na fundi baiskeli wa pale kona akataka kujua ni nani anayemtembeza mwenzake. Refa akamjibu kwamba huo ni utafiti. Kibuzi alichoka kabla ya safari kufika nusu, kwa hiyo Refa alirudi amembeba mabegani, akihema, na kila wiki mzigo ukazidi uzito kwa kuwa kibuzi naye alikuwa anakua. Mkewe alipika tu mboga za majani, siku baada ya siku, bila kuagizwa na mtu.

Vichupa viliendelea kwenda maabara. Refa alimngoja mkwe getini na mikono ameiweka nyuma, vidole vimetoboka kama kichujio cha chai, moyo ukimwenda mbio kuliko siku ya fainali. Sukari ilishuka kidogo. Ikashuka tena. Halafu, baada ya harusi moja ya jirani, ikaruka juu, na mkwe akasema kwa masikitiko kwamba kibuzi lazima ameiba kitu kitamu mahali. Refa alitazama chini akakiri kwamba huenda kweli kibuzi alikaribishwa keki, na kwamba kibuzi mwenyewe anajuta.

Ikafika asubuhi mkwe alipoingia anatabasamu tangu mlangoni. Sukari imekaa sawa, alisema. Mafuta pia.

Refa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta macho kwa kiganja na kulaumu vumbi la majani makavu. Aliuliza kama kibuzi sasa anaweza kuonja sukari, japo siku ya mapumziko.

"Kijiko kimoja, Baba. Asizoee."

Refa akaingia bandani kumpa mgonjwa habari njema. Waliokuwa nje walisikia anacheka peke yake, na kibuzi anamwitikia.

Mkewe Refa alimsindikiza mkwe mpaka getini, amemshika mkono.

"Na yule wa miguu minne?" akanong'ona.

"Mzima kabisa, Mama. Damu yake huwa naitoa mwenyewe jioni, Baba akiingia kuoga."

Mama mkwe aligeuka, akahakikisha mlango wa banda umefungwa.

"Yule mbuzi mweusi naye ana mimba," akasema. "Akizaa, mwambie baba yako safari hii mnapima presha."