Gia za Asubuhi

Gia ya kwanza ilikataa tena. Ignatio alikanyaga klachi hadi mwisho, akausukuma mkono wa gia kwa nguvu, na chini ya miguu yake chuma kikasaga chuma. Akaacha. Meno ya giaboksi yakishavunjika hayaoti mengine.

Ilikuwa Juni, na baridi ya Mbinga haimhurumii mtu wala chuma. Mkewe, Ephrasia, alitokea mlangoni amejitanda khanga mbili.

"Limekataa?"

"Limekataa."

"Liache lingurume lipate joto. Njoo unywe uji, Baba Tadea."

Akaingia. Angefanya nini? Alikunywa uji akizisikiliza pikapu za wenzake zikipita, moja baada ya nyingine, taa zao zikimezwa na ukungu. Zote zilikuwa zinateremka Mbamba Bay kuwahi usipa, wale dagaa wa ziwani.

Zamani hakuna aliyemkimbiza. Alikuwa dereva wa lori la kahawa la ushirika. Kisha biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia, lori likaegeshwa na yeye akapunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake chote kiliishia kwenye pikapu hii, iliyokuja tayari imechoka huko ilikotoka. Sasa kila mwenye gari alikuwa mfanyabiashara, na samaki ni wa anayewahi.

Jua lilipopanda, gia ziliingia. Alipofika ufukweni, wanawake walikuwa wanasuuza beseni tupu.

Ignatio hakuwa mgeni wa magari. Gari linalokaza gia asubuhi na kulegea mchana lina oili nzito. Tabia hiyo ilianza masika, na baridi ilipoingia ikazidi. Akaenda dukani kwa Joakim, akachagua oili nyepesi, namba tisini, akaipeleka kwa fundi Bartholomayo.

Bartholomayo alikuwa fundi wa ushirika, na ndiye aliyeitunza pikapu hii tangu inunuliwe. Waliachishwa kazi siku moja. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu amzike mdogo wake Urbani, aliyetumbukia korongoni na gari alfajiri moja ya masika, ukungu umetanda, akienda ziwani, hata hayo machache yalipungua.

"Niachie gari," alisema. "Katembee sokoni, urudi mchana."

Mchana gia ziliteleza vizuri. Kesho yake alfajiri zikakataa.

"Ni oili feki," Ignatio alimwambia mkewe. "Siku hizi kopo linasema hivi, ndani kuna vile."

"Labda. Lakini usibadilishe fundi. Bartholomayo anakujua."

Akanunua kopo lingine duka la pili, akampelekea fundi yuleyule. Hali ikawa ileile. Akanunua la tatu. Asubuhi moja, kichwa kikiwa kimemjaa moto, alirudi kwa Joakim na kumwita mwizi mbele ya wateja. Joakim, ambaye kila Jumapili walikaa naye benchi moja kanisani, alimtazama. Kisha akaendelea kupanga misumari yake.

Wateja wa Ignatio sokoni walianza kununua kwa wengine. Hakuwalaumu. Samaki wake walifika jua likiwa limeshawapiga. Jioni alikaa jikoni bila kuvua viatu.

"Nimechoka, Mama Tadea. Nafikiri niliuze gari nirudi kwenye kahawa."

"Afadhali," alisema Ephrasia, upesi mno, kisha akainama kupuliza moto.

Lakini kahawa yenyewe ilikuwa miche michache mlimani, na kesho yake Ignatio aliteremka tena. Alichelewa tena. Safari hii hakugeuza gari. Alilipeleka kwa fundi wa palepale Mbamba Bay, kijana wa Kinyasa aitwaye Nathanieli, akamwomba aimwage oili yote waione kwa macho.

Nathanieli alifungua nati ya chini. Pamoja na joto lile la ziwani, oili ilishuka polepole, nene, ikining'inia kama asali.

"Samahani mzee, lakini nani kakuwekea hii?" aliuliza Nathanieli. "Hii ni mia na arobaini. Hii ni ya lori."

Ignatio aliitazama mpaka ikaisha. Halafu akanunua nyepesi, akasimama pale pale ikimiminwa, na ile nzito iliyomwagwa akaikinga kwenye kopo, akalitia ndani ya gari. Njia nzima ya kupanda Mbinga gia ziliingia kwa kidole. Hakufurahi.

Alimkuta Bartholomayo chini ya Land Rover ya watu. Akaweka kopo karibu na miguu yake.

"Hii uliniwekea wewe."

Fundi alijivuta nje taratibu, akalitazama kopo, akafuta mikono kwa tambara.

"Ndiyo."

Ignatio alikuwa amejiandaa kwa ubishi, siyo kwa hilo. "Na zangu uliuza?"

Bartholomayo alifungua kabati la vyuma. Makopo ya Ignatio yalikuwa humo, yote, vizibo havijaguswa.

"Nimemtukana Joakim mbele za watu," alisema Ignatio, na sauti yake haikupanda. "Wanangu wanakula ugali kwa majani tangu Pasaka. Nilikukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi nani alikutuma?"

Fundi aliketi juu ya tairi bovu.

"Shemeji Ephrasia," alisema. "Alikuja wiki ile tuliyomzika Urbani, akasimama hapo hapo uliposimama. Akaniuliza, 'Shemeji, hakuna oili ya kulizuia lile gari nyumbani mpaka ukungu uishe?'"