Mzigo Kutoka Uwanja wa Ndege

"Shoga, huko kwa mwanao unakwenda kuwa mama au mgeni?" jirani yangu aliwahi kuniuliza. Nilimcheka. Tangu nimzike mume wangu, mwanangu hakuchoka kuniomba nihamie kwake.

Leo kanipokea uwanja wa ndege, tukapanda basi la kwenda mjini. Sikuja na sanduku. Nilipakata mkoba wangu, ndani nguo mbili na kitabu cha sala, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kunifikisha salama.

Simu yake ikalia. Nikaitambua sauti ya mkewe.

"Ndiyo, mzigo nimeupokea," mwanangu akamjibu, akicheka chinichini. "Tutauvumilia tu, tutafanyaje?"

Nikaitazama mikono yake. Mitupu. Miguuni pake hapakuwa na kitu ila viatu vyake, vimepigwa rangi vizuri.

Basi likapunguza mwendo. Nikainuka.

"Mama, bado vituo vitano."

"Basi la kurudi uwanjani linapandiwa wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Kwani vipi? Kaa basi, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie, baba. Msalimie mkeo. Mwambie mzigo umejitua."

Mlango ukafunguka. Nikashuka.