Mbwa wa Jirani

Mhudumu wa kaunta alikuwa akimjazia shemeji yake bia nyeusi kutoka bombani pale shemeji alipokunja mkono wa shati usiingie mchuzi. Jeraha likaonekana.

"Mbwa wa jirani," shemeji akasema kabla hajaulizwa, akivunja mfupa wa kuku kwa meno. "Nimempiga mateke mpaka akanyamaza."

"Dada hajambo?"

"Kalala. Mwache apumzike. Na wewe vipi, unanipimia povu?"

Povu lilikuwa limefurika, linamchuruzika vidoleni. Hakulisikia. Macho yalikuwa yameganda kwenye ule mkono: safu ya meno imezama nyamani, bado mbichi, na katikati, baina ya meno mawili ya mbele, kipande cha ngozi nzima kabisa.

Mwanya. Walirithi kwa mama yao, yeye na dada yake. Na dada yake tangu jana hapokei simu.

Akamsogezea shemeji glasi. Kaunta nzima ilikuwa imepangwa mabomba, kila moja na mpini wake wa mti mzito, unaofunguliwa kwa kuzungushwa wakati wa kuosha. Vidole vikaanza kuzungusha.

"Mnafunga saa hizi?" shemeji akacheka. "Watu ndio kwanza wanakula!"

"Wewe kunywa, shemeji."

Shemeji akainama kuliwahi povu. Utosi wake ukawa pale pale, unang'aa kwa jasho.

Mpini ukatoka, ukamjaa mhudumu mkononi.

"Pigo hili ni la yule mbwa," akasema, akaushusha.