Kiingilio cha Ziwa la Magharibi

Kuingia Ziwa la Magharibi, kule Hangzhou, hulipi hela. Unataja mtu au kitu getini, na mashine inafuta kumbukumbu zako zote nzuri juu yake. Mimi nilimtaja mwalimu wangu wa hesabu. Mashine ikatafuta weee, ikakosa cha kuchukua, geti likagoma. Nikataja pilau ya shangazi, likafunguka. Sasa najua niliila, ila ladha siikumbuki.

"Mama, wewe umetaja nini?" nikamuuliza tulipokaa kwenye mashua.

"Nimemtaja Tunu. Nimechoka kulia, baba."

Tunu ni dada yangu. Alifariki mwaka jana, baada ya kuugua kifua miezi mingi. Mama alidhani mashine ingemfuta mzimamzima, machungu na yote.

Maji yalikuwa yametulia na mayungiyungi yamechanua hadi ukingoni. Mama hakuyatazama.

"Hivi Tunu aliwahi kucheka?" akauliza. "Mbona naona kitanda tu, na ule mpira wa oksijeni puani?"

"Mama! Tunu aliyejitanda kanga zako zote akajiita bibi harusi? Si alikuwa anacheka mpaka anajikojolea!"

Nikainuka, mashua ikayumba, nikamwigiza: mabega juu, kiganja mdomoni, na kile kicheko chake cha kukwamakwama kama pikipiki inayogoma kuwaka.

Mama alinitazama kwa huruma.

"Kaa chini, mwanangu. Wewe na utani wako," akasema. "Mtoto anaumwa vile, angecheka saa ngapi?"