Wifi Hapatikani

Siku hizi milango yote humtambua mtu kwa simu yake. Mfumo wa simu ukikoma kusasishwa, hata choo chako hakikufungukii.

Rukia alitumia mfumo wa Lulu, wenye kasi ya umeme. Siwatu, mke wa kaka yake, alitumia Jembe, mfumo wa kujikongoja. "Wifi, hiyo simu au tofali?" Rukia alimcheka siku ya harusi ya Siwatu, mbele ya wakwe.

Leo Lulu imefika mwisho wa kusasishwa. Jembe limebakiza miaka minne. Rukia, aliyekataliwa na kila mlango tangu asubuhi, amelowa chapachapa kwa mvua, anagonga. "Wifi! Nifungulie, wifi yangu!"

Siwatu anapuliza chai yake, kisha anaiga ile sauti tamu ya mtandao: "Wifi unayemtafuta hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baada ya miaka minne."