Leseni ya Nguchiro

Mbugani palikuwa na sheria ambayo hata Simba aliiheshimu: asiye na leseni hagusi mgonjwa ila akisimamiwa na mganga mwenye leseni. Mganga huyo alikuwa Kiboko peke yake. Msaidizi wake, Nguchiro, aling'oa miiba na meno huku mzee amesimama nyuma yake, akitazama.

"Mzee, niombee leseni. Mkono umeshazoea."

"Bado, mwanangu. Rudia."

Nguchiro alinuna. Aliona mzee anambania tu.

Hatimaye Kiboko akamwombea, na Baraza likampa leseni. Shangwe hazijaisha, Kiboko akapiga magoti mbele yake, akaachama. Ndani, jino moja kubwa lilikuwa limeoza hadi kwenye fizi. Nguchiro akapigwa na bumbuwazi.

"Linakuuma tangu lini?"

"Tangu hujaja kwangu. Lakini nani angekusimamia humu kinywani?"

"Si ungeniombea leseni mapema, upone?"

"Ningepona mimi. Na hao wengine utakaowatibu?"

Nguchiro akaingia kinywani taratibu, kama anayeingia mahali patakatifu. Alipolishika lile jino, akageuka kutazama nyuma, kama alivyozoea.

Hapakuwa na yeyote.